Siku Walipopima Simu ya Zahanati

Ilianza Jumatano, saa nne na robo asubuhi. Fundi alikuja kwenye zahanati anakofanya kazi ya ukunga mama yangu, huku Makwale, kupima kama mtandao wa kompyuta unaweza kubeba simu za intaneti mpaka hospitali ya mjini. Simu za mkononi hapa hazishiki ndani. Mzazi akizidiwa wakati wa kujifungua, mama humwacha kitandani na kukimbilia nje kwenye miti ya kakao kumpigia daktari.

Fundi alisema vipimo vya mashine vimekaa katikati, si vizuri wala si vibaya, kwa hiyo masikio ndiyo yataamua. Mama alikuwa na wagonjwa, mimi niko likizo, basi nikapewa mkonga wa simu. Upande wa pili, kule hospitali ya mjini, alikuwepo muuguzi mmoja mzee. Nikamwamkia. Akauliza habari za nyumbani, za shule, za mpunga. Mtu mzima akiongea mimi simdakii. Nilisubiri amalize kabisa ndipo nikajibu, naye akanisubiri vilevile.

"Unaongea kama unaomba chumvi kwa jirani," fundi akanitania. "Mmegongana maneno?"

"Hapana."

Akafurahi. Akasema mtandao uko tayari, kesho anafunga simu.

Na kweli hatukugongana. Ila kila nikimaliza kusema, kulikuwa na ukimya, kama mtu anayetafuta namna ya kukukatalia. Nilidhani ni utu uzima wake tu.

Jioni, tukipepeta mchele, nilimsimulia mama. Akaacha ungo, akataka kujua ukimya ulikuwa mrefu kiasi gani. Nikavuta pumzi, nikaishusha, nikamwambia kiasi hicho. Akasema mzazi akivuja damu, yeye na daktari hawapokezani maneno kwa adabu. Wanaongea wakikatizana, na neno likipotea hapo, mtu anapotea. Simu hiyo ameingoja tangu tuhamie huku. Nilitamani ningenyamaza.

"Utamwambia wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyesikia."

Asubuhi nilifika kabla ya fundi. Alipokuja na boksi lake, niliangalia viatu vyake nikamwomba tupime tena. Nilimwomba radhi yule muuguzi, nikamweleza kwamba ni majaribio, kisha katikati ya salamu zake nikamkatiza: "Damu haikatiki, tufanyeje?" Akaendelea na mpunga, maneno yangu yakiwa bado hayajamfikia. Halafu tukaongea wote. Halafu tukanyamaza wote.

Fundi akasema sauti inachelewa, mtandao bado, mpaka laini ya intaneti ibadilishwe. Akairudisha simu kwenye boksi, nami nikamshikia mlango.