Mpiga Chapa Aliyeponzwa na Kibodi ya Kimya

Saa nne na robo asubuhi, ukungu wa Januari bado umeliziba geti la mahakama ya wilaya ya Rampatganj, na Urmila Nigam yuko ukurasa wa pili wa hati ya kiapo. Vidole vyake vinakimbia juu ya kibodi wala hatazami chini. Mbele yake, kwenye kigoda, amekaa mkulima mzee aliyejifunika blanketi hadi masikioni. Anamenya karanga na kumtazama kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea ofisi za serikali.

Hatimaye uvumilivu unamwisha. "Mama," anauliza, "utaanza saa ngapi?"

Urmila anasimamisha vidole. Anafumba macho na kuvuta pumzi ndefu kwa pua.

"Baba, nakaribia kumaliza."

"Unamaliza nini na hujaanza? Kwa jirani yako huyo naisikia kazi, ta-ta-ta-ta! Hapa nasikia karanga zangu tu."

Jirani anayetajwa, Munawwar Ali, anacheka mpaka tumbaku inataka kumtoka mdomoni. "Nilikwambia, shemeji! Wewe umenunua kibodi ya msibani."

Mkulima anakusanya maganda yake na kuhamia meza ya Munawwar. Urmila anaitazama hati iliyobakiza aya moja, kisha anaitazama kibodi kana kwamba imemtukana mama yake.

Urmila ana miaka hamsini na mitatu. Meza hii, chini ya paa la bati lililoegemea ukuta wa mahakama, aliirithi kwa marehemu mumewe, Dinesh, aliyekuwa akipiga chapa kwa mashine ya chuma. Kompyuta alijinunulia mwenyewe. Ukurasa mmoja ni rupia ishirini. Siku nzuri hufikisha rupia mia saba, na siku mawakili wakigoma hapati hata ya chai.

"Watu wanadhani kazi hii ni ya kukaa," anasema. "Waje wakae wao, nione vidole vyao jioni."

Kwa miaka kumi na moja aliandikia kibodi ya swichi, ile ambayo kila kibonye kimekalia springi yake, si kama zile za bei rahisi ambazo vibonye vyote vimelazwa juu ya shuka moja la mpira. Ilikuwa na kelele zilizosikika hadi banda la chai, na springi ngumu ambazo taratibu zilimtia ganzi mkono wa kulia. Mwezi wa Oktoba kima mmoja alishuka kutoka kwenye bati, akanyakua sambusa ya karani na kuimwagia kibodi kikombe kizima cha chai. Huo ukawa ndio mwisho wake.

Daktari alikuwa ameshamwonya kwamba mishipa ya kifundo cha mkono imebanwa. Alimshauri apunguze kuandika.

"Apunguze kuandika!" Urmila anaupiga mkono mezani, kisha anausugua kwa sababu umemuuma. "Si angeniambia tu nipunguze kula?"

Basi ikabidi achague kibodi mpya, tena nyepesi. Hapo ndipo mahakama nzima ilipogeuka kuwa mafundi. Muuza chai alikuwa na maoni. Karani wa chumba namba tatu alikuwa na maoni. Mshtakiwa mmoja aliyekuwa akipelekwa rumande alisimama na pingu zake kueleza anayotumia shemeji yake kule Kanpur.

"Mtu hajawahi kuandika hata jina lake, anakuja kunifundisha habari za springi," anasema Urmila. Mwandishi wa makala haya naye alianza kutaja anayoitumia ofisini. Alitazamwa kwa jicho lililomfanya aagize chai haraka.

Urmila alianza na ya bei rahisi, na rahisi huvunja upishi. Baada ya wiki chache vibonye vilianza kunata na maneno kutoka nusunusu. Ndipo mpwa wake aliyeko Pune alipomwagizia kibodi ya swichi zilizotengenezwa makusudi zisipige kelele, vibonye laini, kwa rupia elfu nne na mia mbili. Ganzi ilianza kupungua.

"Mpwa wangu alisoma maoni ya watu mia tatu kwenye mtandao," anasema. "Katika wote hao, hakuna hata mmoja mwenye Wakili Shukla."

Wakili Harihar Shukla, mwenye miaka sabini na sita, ndiye anayempa Urmila karibu nusu ya kazi yake. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na upasuaji umekuwa ukiahirishwa kwa sababu ya sukari. Hasomi tena. Hukaa kwenye kigoda, akajifunga shali, akafumba macho na kutoa imla kutoka kichwani, vifungu vya sheria na kila kitu.

Mwendo wake aliupimia sikioni. Vibonye vikikimbia, naye huendelea. Vikipungua, hupunguza. Vikinyamaza, husubiri. Hawakuwahi kukaa wakapatana wafanye hivyo. Yalianza tangu enzi za mashine ya Dinesh, yakawa ndiyo mazoea. Ilipokuja kibodi ya kimya, mzee akawa anakwenda kwa kukisia.

Mwezi Desemba, siku moja akiwa katikati ya ombi la dhamana, umeme ulikatika. Feni zilikuwa zimezimwa tangu baridi ianze, kwa hiyo hakikunyamaza chochote ambacho mzee angekisikia. Urmila, kwa mazoea yaleyale ya miaka yote, alinyanyuka kwenda kuwasha swichi ya betri ya akiba nyuma ya banda la chai. Huko akakuta wapiga chapa wawili wanagombania soketi.

Mzee akaendelea. Alimwombea mteja wake huruma ya mahakama, akataja mama mgonjwa na watoto wadogo, akainua mkono kama aliyesimama mbele ya hakimu. Watu walijaa. Hakuna aliyemgusa bega. Wakili mmoja kijana alitoa simu akarekodi. Urmila aliporudi, mzee ndiyo kwanza amemaliza.

"Haya, nisomee mwisho," alisema.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Mzee, kiti hakina mamlaka ya kutoa dhamana!" Kicheko kilichofuata kilisikika hadi ndani.

Wakili Shukla alichukua fimbo yake akaondoka. Kesho yake alikaa kwenye kigoda cha Munawwar, mgongo kwa Urmila.

"Nilimwomba radhi mara mbili," anasema Urmila. "Akanijibu 'haya'. Ungeisikia hiyo haya yake ungetafuta shali."

Munawwar naye hana raha. "Mimi simtaki mteja wake," analalamika. "Kutwa ananiambia naandika kama kuku anayedonoa. Ustaarabu tu ndio unaonizuia kumrudisha kwa mwenyewe."

Kwa hiyo leo, mkulima wa karanga alipohama, Urmila amesukuma droo kwa goti. "Basi! Wanataka kelele, nitawapa kelele," anasema, na kuelekea sokoni. Mwandishi anamfuata.

Duka la Pintu Jaiswal limejaa maboksi hadi darini. Urmila anataka kibodi yenye sauti lakini nyepesi, na anataka kuijaribu kwa ukurasa mmoja kabla ya kutoa pesa.

"Shangazi, kufungua ni kununua," anasema Pintu.

"Kwani ni tikiti maji? Hata tikiti maji watu huligonga kwanza."

"Nikuonyeshe video yake." Anamwekea simu sikioni. "Sikia sauti hiyo!"

"Nimekuja kununua kibodi, sikuja kununua simu yako. Hiyo nyeusi je?"

"Hiyo ya vijana, shangazi. Wanapigana vita kwenye kompyuta."

"Na mimi naandika kesi za ndugu waliopigania shamba. Ishushe. Vibonye vyepesi?"

"Vyepesi kama pamba," anaapa Pintu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Elfu mbili na mia tano zinamtoka Urmila huku akinung'unika.

Anaporudi na kuichomeka, kibodi inawaka taa nyekundu, kijani na buluu zinazokimbizana kutoka kushoto kwenda kulia. Anatafuta pa kuzizima, hapaoni. Makarani wanaanza kukusanyika.

"Shemeji, harusi ya nani?" anauliza Munawwar.

"Yako, na huyo kuku wako anayedonoa."

Anaanza kumalizia ile hati ya kiapo, na bati lote linaitika. Mkulima anarudi mbio na blanketi lake. "Enhe! Sasa ndiyo kazi hii!" Urmila hamjibu. Karatasi ni ileile, aya ya mwisho tu ndiyo iliyobaki.

Kwenye kigoda cha Munawwar, Wakili Shukla ananyamaza katikati ya sentensi. Anageuza kichwa. Anasikiliza kidogo, kisha anasimama, anapapasa kwa fimbo hadi kwenye meza ya Urmila na kukaa. Mkulima anapisha. Hakuna salamu.

"Mbele ya Mheshimiwa Hakimu wa Wilaya," anaanza mzee, macho yamefumbwa.

Urmila anaandika. Ukurasa wa kwanza unakwenda vizuri, na uso wake umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ukurasa wa pili anaanza kuukung'uta mkono kila baada ya aya. Springi si pamba hata kidogo. Kwenye wa tatu vibonye vinasuasua, mzee naye anasuasua navyo, mwishowe wote wawili wanasimama.

"Kuna nini, mkwe?" anauliza. Amemwita hivyo tangu alipokuja hapa kama mke wa Dinesh.

"Mkono, Bwana Wakili. Umekufa ganzi." Halafu yote yaliyomjaa yanamwagika. "Kibodi inayokufaa wewe inaniua mimi. Inayonifaa mimi unaninunia. Na huyu baba akikosa kelele anadhani namwibia. Nikanunue ya ngapi? Nikivikata hivi vidole nikuwekee hapo mezani utaridhika?"

Makarani wanaangalia viatu vyao. Wakili Shukla anaizungusha fimbo mikononi.

"Unadhani niliudhika kwa sababu nilichekwa?" anasema. "Nimechekwa na mahakimu kabla hujaolewa. Kuchekwa si kitu."

"Sasa ni nini?"

Mzee anaisimika fimbo katikati ya magoti. "Tangu mke wangu aondoke duniani, nyumbani nazungumza na viti. Huko nimeshazoea. Kelele zako zilikuwa zinaniambia kwamba hapa yupo mtu."

Munawwar anajifanya anatafuta karatasi chini ya meza. Urmila anajifuta pua kwa ncha ya shali, na hasira yake, badala ya kwisha, inapata njia nyingine.

"Na miaka yote hii hukuweza kusema? Mtu anayejaza kurasa ishirini kwa ajili ya ng'ombe aliyevuka mpaka, neno moja lilikushinda?"

"Hukuniuliza."

Urmila anaing'oa ile kibodi ya taa na kuirudisha ya kimya. "Toa imla yako," anasema. "Mimi nitaitikia."

Mzee anaanza tena. "Mshtakiwa ni mkazi wa kijiji cha..."

"Naam."

"Sijamaliza! Usiitikie kabla sijafika kituoni."

"Basi vituo vyako viwe karibu. Koo langu si la bure."

Wanaendelea hivyo, kwa ugomvi, hadi ombi linakwisha. Mkulima amejibanza kwenye benchi akisubiri karatasi yake, na safari hii Urmila amemgeuzia skrini. Hajui kusoma, lakini anaziona herufi zinavyoandamana, na ametulia na karanga zake.

Mchana Urmila amempigia simu Pintu kuomba arudishe kibodi. Jibu ni lilelile, kufungua ni kununua. Munawwar amejitolea kuichukua kwa nusu bei.

"Kwa nusu bei nitakupa taa peke yake," Urmila amemjibu.

Mpango wake sasa ni kudunduliza anunue skrini ya pili ya kuwageuzia wateja, ili asivunje shingo kila siku. Na anaomba sukari ya Wakili Shukla ishuke, mwezi Machi wamtoe huo mtoto wa jicho.

"Akishaona, ataniona nimekaa, na mimi nitapumzika na hizi naam," anasema.

"Nani kakwambia utapumzika?" mzee anadakia kutoka kwenye kigoda, macho yamefumbwa. "Andika. Ombi la pili. Mdai anaeleza kwamba..."

"Naam."

"...mnamo mwezi wa Agosti, mdaiwa aliingia shambani mwake na..."

Saa nane na nusu umeme unakatika. Skrini inakuwa nyeusi, na mzee hana habari. Ameshainua mkono, anamweleza hakimu ukubwa wa shamba. Urmila amekwisha nyanyuka nusu, uso ameuelekeza kwenye swichi ya betri. Anakaa tena.

"Umeme umekatika, Bwana Wakili," anasema. "Nipo."