Kumpeleka Mama Mkwe Homa Bay kwa Gari ya Milango Miwili

Nilitoka Migori kwa sababu mke wangu Akinyi alikuwa amelazwa Homa Bay, apasuliwe tumbo, na alikuwa amekataa kuingizwa kwa upasuaji kabla hajamwona mama yake. Daktari, yule niliyeongea naye siku ya kumlaza, alikubali kungoja mpaka mchana, si zaidi. Habari hiyo ililetwa na dereva wa lori la samaki, maana miaka ile ya tisini simu ya mkononi hatukuwa nayo. Mama mkwe alikuwa amelala kwa jirani yetu. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfikisha.

Gari nilikuwa nayo, na hapa lazima nitaje watu. Wa kwanza ni Okelo, dalali aliyeniuzia ile gari ya milango miwili, fupi nyuma, ile vijana wanaita gari ya mbio. Ilikuwa ya bei rahisi kwa sababu mtu mwenye familia haitaki gari ya namna ile. Okelo aliniapia kwamba ilikuwa ya mwalimu, inaenda kanisani tu. Gari ya kanisani hainuki oili ya kuungua. Wa pili ni Fundi Jared. Nilimwambia inachemka. Aling'oa kile kidude kinachopima joto la maji, akakitupa, akaziba rejeta kwa sabuni ya kipande, akasema sasa hata Mombasa nitafika. Mimi sikusoma sana, lakini majina ya hao wawili najua kuyaandika.

Asubuhi, Migori. Kwetu Wajaluo mama mkwe haguswi. Hamketi pamoja, hamshikani mkono, hata kutazamana ni kwa adabu. Kiti cha mbele kilikuwa wazi na hakuna aliyekitaja. Kile cha nyuma kilitengenezewa koti, si mtu. Kuingia ni mpaka cha mbele kilazwe, uiname, utangulize kichwa. Mke wa jirani alimsaidia, mimi nikiangalia ukuta mpaka nikasikia amekaa.

Awendo. Gari iko chini kama bata, na barabara ilikuwa imechimbwa na trekta za miwa. Kila shimo ekzosi ilipiga kelele. Zile taa za mbele zinazojifunika, ya kushoto ilifunguka yenyewe juani na ikakataa kurudi. Wakata miwa wakaniambia, "Mzee, gari yako inatukonyeza." Niliongeza maji, tukaendelea.

Rongo, pale unapoacha lami ya Kisii na kushika njia ya Homa Bay, klachi ilizama mpaka sakafuni. Nilimimina mafuta ya breki, nikaipampu kwa mguu, ikashika nusu. Nyuma yangu sauti ikatoka, ya kwanza tangu tuanze safari.

"Orwa, hii gari ni mgonjwa?" Orwa kwa Kijaluo maana yake mkwe wetu. Ndivyo alivyoniita siku zote.

"Imechoka kidogo, mama."

"Akinyi pia alisema amechoka kidogo."

Nilikanyaga mafuta.

Karibu na Rodi Kopany, kwenye kilima, mvuke ulitoka chini ya boneti, halafu chini ya dashibodi ukatoka moshi mweusi wa waya. Niliruka nje, nikazunguka upande wa abiria, nikavuta kishikio cha kulaza kiti. Kishikio kikabaki mkononi mwangu. Kiti hakikusonga. Mama alikuwa amefungiwa nyuma, na madirisha ya nyuma ya gari zile hayafunguki.

Kulikuwa na nafasi kati ya viti viwili. Mtu angeweza kuvutwa hapo. Lakini wa kuvuta alikuwa mimi. Chini ya barabara kulikuwa na wanawake wanauza viazi vitamu, na nisiwadanganye, nilianza kuwakimbilia niwaombe mmoja aje amshike. Nikamsikia akikohoa. Halafu akaniita, si kwa kelele, vile mtu anaita aliye chumba cha pili.

"Orwa. Kama ni heshima, niheshimu nikiwa hai. Nishike."

Nilirudi. Nilimshika mikono, haikutosha, nikamshika kiunoni. Tulianguka wote kwenye nyasi, kitambaa chake cha kichwa kikabaki ndani. Moto uliramba dashibodi. Wanawake walikuja na mchanga wakauzima. Mmoja alimfunika mama leso, akasema tusiende kokote kabla ya kuwaona wazee, kwa sababu ya chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Mama alikuwa anapangusa macho.

"Wazee watangoja," akasema. "Mtoto wangu hangoji."

Mwislamu mmoja mwenye duka la nguo Homa Bay alisimamisha pikapu yake. Nilitaka kupanda nyuma na marobota. Mama akagonga kiti kando yake, akaniambia nikae pale nimweleze daktari alisema nini hasa. Basi kutoka Rodi mpaka ziwa likaonekana, bega kwa bega, nilimweleza kila kitu nilichojua, na aliuliza maswali ambayo mimi sikuwa nimemwuliza daktari.

Homa Bay. Akinyi alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni pa upasuaji, amemshikilia muuguzi mkono wasimsukume. Alimtazama mama yake kichwa wazi, uso wa masizi.

"Mama, kitambaa kiko wapi?"

"Kiko njiani. Ingia. Ukitoka utanikuta hapa."

Akaingia. Jioni alitoka, amelala lakini anapumua, na mama alikuwa palepale.

Kurudi Migori tulirudi kwa basi, wote watatu, baada ya nyuzi kutolewa. Gari nilimwachia mnunuzi wa vyuma pale Rodi. Ukitaka kununua ya namna ile, usianze na injini, ambayo kina Okelo wanajua kuipaka mafuta ing'ae. Keti kiti cha nyuma, ufungiwe mlango, halafu ujaribu kutoka bila msaada.

Siku hizi mama mkwe akija kwetu anakula meza moja na mimi. Wazee wa ukoo walikuja kulalamika. Akinyi aliwaletea chai mwenyewe, akitembea, na wakainywa.