Fundi Windo wa London

Kama darasa langu bado lina watoto, namshukuru Mama Gabrieli, ingawa siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Ninafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Bagara, mjini Babati. Jumamosi niliwaalika wazazi waje kuona watoto wanavyosoma. Baba Neema akauliza neno "window", yaani dirisha, lilitokea wapi. Sikujua. Lakini mwalimu aseme hajui, mbele ya wazazi? Nikakohoa kidogo, nikasema palikuwa na fundi wa London aitwaye Windo, mtu wa kwanza kutoboa ukuta. Nikaliandika jina lake ubaoni. Wazazi wakapiga makofi. Nami nikanogewa, nikamwongezea Windo mke na watoto sita.

Mkono ukanyooshwa kule nyuma. Alikuwa Mama Gabrieli, aliyenifundisha darasa la tano, kaja na mjukuu wake!

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Waingereza walilipata neno hilo kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, waliokuwa wakiliita tundu la ukutani jicho la upepo. Huyo Windo wako ni ndugu wa yule mbuzi uliyesema amekula daftari lako darasa la tano?"

Watu wakaangua kicheko. Baba Neema hakucheka. Akamshika mwanawe mkono waondoke.

"Kaa, Baba Neema. Mjukuu wangu mimi simtoi. Huyu namjua, ukishamkamata harudii. Baada ya yule mbuzi, hakukosa daftari tena."

Kisha akanigeukia.

"Haya, mwanangu, shika dasta. Mfute Windo, na wale watoto wake sita."