Shimo la Rudewa na Sheria ya Barafu

Mpaka leo nikisikia mtu anatamka neno uratibu, natamani kutema mate. Niliwahi kuwa mratibu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashamba ya katani Kilosa yamekufa, mitumba imejaa gulioni, na sisi wataalamu wa miamba ofisini hatuna hata mafuta ya gari. Mfadhili akipiga hodi hatukumuuliza anataka nini. Tulifagia uwanja.

Waliopiga hodi safari hiyo walikuwa wanasayansi wa barafu. Ndiyo, barafu, Kilosa, kwenye joto lile. Maelezo yao yalikuwa ya kweli, na niliyapenda: zamani za kale, kabla mtu yeyote hajakuwepo duniani, ardhi yetu na bara la barafu la ncha ya kusini vilikuwa nchi moja, na chini ya uwanda wetu ipo miamba iliyobaki tangu wakati huo. Walitaka kuchoronga kule, wachoronge na huku, kisha walinganishe. Nchi kadhaa, kila moja na mtambo wake na kiburi chake, zilitakiwa kuwa na mpango mmoja wa utafiti. Kazi yangu ilikuwa kuziweka meza moja.

Meza yenyewe waliitaka Mikumi, hotelini, ili wakichoka na miamba watazame tembo.

Nimekwenda misiba mingi yenye watani. Mtani huzuia jeneza kwa mzaha, akipewa chochote anapisha, watu wanacheka na machozi yao. Hawa walizuia sentensi, na hawakuwa na mzaha hata chembe. Utaratibu wao ni kwamba hakuna kifungu kinachopita mpaka nchi zote zikubali, na kikishapita hakiguswi mpaka zote zikutane na kukubaliana upya. Asubuhi nzima iliteketea kwa kugombea shimo la kwanza litakuwa la nani. Mezani zilipangwa chupa za maji ya kununua, kitu kigeni kwetu wakati ule. Mtu anafungua, anapiga funda moja, anaisahau, anafungua nyingine. Jioni mhudumu aliyakusanya mabaki yote akayamwaga kwenye maua.

Niliyatazama yale maji yakizama udongoni nikawa nahesabu ndoo, kwa sababu nilikuwa nimetoka kijijini Rudewa, huko huko Kilosa, kwa shangazi yangu.

Shangazi, dada wa baba, alimfuata mumewe kwenye katani enzi ambazo shamba lilikuwa shamba. Shamba lilipokufa, pampu ya maji ilikufa nalo, na mume naye hakukawia. Akabaki na kipande cha mahindi na ndoo yake. Kiangazi alichota kwenye mashimo ya mchanga mtoni, pale pale wafugaji wanaponyweshea ng'ombe. Maji yalinuka mkojo. Aliyachuja kwa kanga, akayachemsha, na harufu ikabaki palepale. Chai yake niliimeza kwa kujikaza huku natabasamu, maana mtoto hakatai chai ya shangazi yake.

Kwa hiyo Mikumi nilinyoosha mkono. Niliomba shimo moja lichorongwe Rudewa, na hapo hawakuwa na neno, miamba ya huko iliwafaa. Kisha nikaomba kwamba likitoa maji, liwekewe bomba waachiwe wanakijiji. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye sauti laini, alinieleza kwamba kifungu cha mashimo kilishapita katika mkutano wa kwao, kabla sisi hatujaalikwa. Kila shimo lizibwe kwa saruji mpaka chini, kila taka ibebwe, ardhi iachwe kana kwamba hakuna aliyepita. Ndivyo wanavyofanya kwenye barafu.

"Huku si kwenye barafu," nikasema.

"Lakini mpango ni mmoja," akajibu, tena kwa upole.

Bosi wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Wakati wa chakula alinifuata na sahani yake iliyojaa nyama kwa lundo, mafuta yanamchuruzika kidevuni, akaninong'oneza nisiwaharibie wageni. Nilimchukia siku ile, na sijamaliza kumchukia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, ila la shangazi halikuwepo.

Nilijipa moyo kwamba wakiyaona maji kwa macho yao watalegea. Mtu ni mtu.

Mtambo ulipofika Rudewa, shangazi aliupokea kama harusi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema, akawachomea mahindi mabichi kutoka kwenye shamba lake lisilomtosha mwenyewe. Wakala, wakasifu. Wakachoronga, wakatoa vipande vya mwamba virefu vya mviringo kama miwa, wakavilaza kwenye masanduku kwa mikono miwili. Halafu maji yakapanda. Hakuna aliyeyavuta, yalikuja yenyewe, kwanza tope, kisha safi, yakamwagika juu ya bomba la mtambo. Wanawake wakapiga vigelegele. Wake wa wafugaji wakaja na vibuyu vyao, wakapanga foleni na wake wa wakulima, watu ambao waume zao walikuwa wakitishiana fimbo kwa ajili ya malisho. Shangazi alikinga viganja akanywa, kisha akanigeukia mashavu yamelowa.

"Mwanangu, hayanuki!"

Siku chache tu. Mwamba waliokuwa wakiutaka ulipokwisha, wakakoroga saruji. Niliwasihi, nikapaza sauti, nikatukana kwa lugha wasiyoijua. Mwenyekiti wao wa Mikumi, aliyekuja na mtambo, alisimama pale na mpango wake mkononi, akahakikisha shimo limejaa mpaka juu. Shimo la namna hiyo jembe halilifungui. Wakafuta alama za magurudumu kwa matawi. Wakaokota kila taka, wakatia mfukoni hata magunzi ya mahindi aliyowachomea shangazi.

Shangazi alisimama na ndoo tupu. Hakulia. Aliniita pembeni.

"Hiyo sheria waliitunga wapi?"

"Kwenye barafu, shangazi. Mwisho wa dunia."

"Na watu wa huko wanachota wapi?"

"Huko hakuna watu."

Alilitazama lile duara la saruji mbichi, kisha akajitwika ndoo yake na kuelekea mtoni.

"Basi nenda kawaambie huku tupo," alisema bila kugeuka.

Nilikwenda. Walipokutana tena, hoteli ile ile, nilisimama nikawaambia kwamba Rudewa kuna watu. Mwenyekiti alinishukuru sana, akasema hoja imepokelewa, na kwamba chakula kiko tayari.