Godelive na Vijidudu Vinavyojitengeneza

Pale Butembo majirani walimwita Godelive Katungu mama wa vijidudu, kwa mzaha, maana kazi yake katika labo, yaani maabara, ya shule moja kubwa ilikuwa kulea bakteria ndani ya visahani vya kioo na kuwapa sumu kidogo kidogo. Sumu yenyewe ilikuwa dawa ya kansa. Ikiingia ndani ya seli hushika nyuzi mbili za DNA, zile zinazobeba urithi wa kila kiumbe, ikazifunga pamoja zisiachane, na seli ikashindwa kuzaa, ikafa. Lakini bakteria wengine hawakufa. Walikuwa na vimeng'enya vinavyopita juu ya uzi. Vikifika penye jeraha vinakata kipande kibovu, na vingine vinafuma kipya, kama mama anayetengeneza kitunga kilichooza ubavu. Godelive alitafuta namna ya kuvizuia, akiamini kansa nayo hujitengeneza hivyo hivyo.

Vita ya 1998 ilipokata nchi vipande, profesa aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Kinshasa, hakuweza kurudi. Godelive akabaki na frigo ya mafuta ya taa na chupa tatu za dawa. Nyingine hazikuja, ndege zilizotua uwanja wa Mavivi zilileta askari tu.

Mwaka uliofuata dada yake mkubwa Mariette, muuza vitenge wa Beni na mama wa watoto wawili, akamwonyesha titi. Uvimbe ulikuwa mgumu kama mbegu ya avoka. Daktari Esdras wa hospitali ya Beni alikata alichoweza, kisha akasema wazi kwamba mizizi imebaki kwapani na dawa haiko mji mzima.

Siku mbili Godelive aliziangalia zile chupa. Kuzitoa kulikuwa kuua kazi ya miaka minne. Siku ya tatu akazitia ndani ya termosi yenye barafu, akapanda lori la makaa kwenda Beni.

Chupa ya kwanza ilimtapisha Mariette mpaka akaishiwa nguvu, lakini vivimbe vya kwapani vikapungua. Kwa chupa ya pili vikalala kabisa, na familia ikatoa shukrani kanisani. Baada ya ile ya tatu vikaamka, vikapanda shingoni, mbio kuliko mwanzo. Beni hapakuwa na kipimo cha kuthibitisha lolote, ila Godelive alikwisha kuliona jambo hilo mara nyingi kwenye visahani vyake.

Mariette alimuuliza, “Niambie kweli, mudogo wangu. Dawa imeshindwa?”

“Ile ugonjwa inajitengeneza, yaya,” Godelive alimjibu dada yake. “Dawa inaharibu, yeye anafuma tena.”

“Lakini weye ndiyo ulisoma ile mambo. Hakuna kitu ya kuizuia?”

“Hapana, yaya. Hata kule Ulaya bangali banatafuta.”

Mariette akaomba afungwe kitambaa shingoni, wageni wasione.

Alikufa mwezi wa tisa. Barabara ilikuwa imefungwa kwa mapigano, wazazi wakashindwa kufika kutoka kijijini kwao Alimbongo, akazikwa na watu wa kanisa.

Godelive aliporudi Butembo alikuta askari wamebeba frigo. Visahani vilikuwa vimemwagwa chini, vimekauka, vinanuka. Akafagia. Akaandika tarehe ndani ya daftari, akalifunga. Kisha akawachukua watoto wawili wa Mariette, akapanda nao Alimbongo kulima viazi. Vita iliendelea, na labo haikufunguliwa tena.