Papa Aliyenichagulia Ampli Bweremana

Mimi si mtu wa kutunga. Niliacha shule nikiwa mwaka wa sita wa msingi ili niwalee wadogo zangu watatu, na tangu hapo akili yangu imekuwa kwenye jembe, sabuni na madaftari yao. Kwa hiyo ninachokueleza kilitokea kweli, tena mchana, jua likiwa juu, mbele ya watu. Ukitaka kucheka, cheka. Wadogo zangu pia walicheka mwanzoni.

Mama yetu alikuwa mwimbaji wa kwaya. Alikufa kwenye barabara ya Walikale, walipokuwa wakirudi kutoka kuimba huko, lori lao lilipoteleza kwenye matope na kuanguka bondeni. Baba alikuwa amemtangulia. Mdogo wetu wa mwisho, Riziki, alikuwa bado ananyonya. Mama alimwacha mgongoni mwangu kwa siku tatu tu, akasema atarudi. Leo Riziki ana miaka kumi na mitano, na alikua bila kuijua sauti ya mama yake.

Kilichobaki ni kaseti moja, iliyorekodiwa kanisani Walikale siku moja kabla ya lile lori. Fundi wa redio wa Lushebere alinihamishia wimbo kwenye simu. Lakini kwenye simu, niamini, kwaya nzima ilisikika kama nyuki ndani ya mtungi. Riziki aliiweka sikioni na kuniuliza mimi dada yake, "Yaya, mama njo gani hapa?" Na mimi, niliyelala kifuani pa mama miaka yote ile, sikuweza kumwonyesha sauti ipi ni yake. Unajua uchungu wake?

Ndipo nikaamua. Chumba cha wazazi tulikuwa tumekifanya ghala la maharagwe. Nikayahamisha, nikafagia, nikaweka viti vinne na bafle mbili za zamani, zile spika kubwa. Ilibaki ampli, mashine ya kukuza sauti, ya kuzisukuma, ile ya boksi moja: unachomeka simu upande huu, bafle upande ule, basi. Jirani zetu hapa Kibabi walidhani ninafungua baa.

Siku ambayo njia ilikuwa wazi nikashuka sokoni Bweremana. Muuzaji aliitwa Patient, kijana mwenye maneno mengi. Alikuwa na ampli tatu kwenye rafu. Moja kubwa, yenye mataa ya rangi yanayocheza. Moja ya katikati. Na ya tatu ndogo, nyeusi, ya okazioni, iliyokwisha kutumiwa na wengine, isiyo na taa hata moja, nzito kama jiwe la kusagia.

"Dada, beba hii kubwa," Patient akasema. "Ukifungula kidogo tu, kijiji yote inasikia!"

"Sitaki kijiji isikie. Nataka mutoto moja asikie."

Akacheka mpaka akashika meza. Nikamwomba anijaribie zote kwa wimbo ule ule, wa mama. Ile kubwa ilipoanza, watu walisimama njiani, mabati yakatetemeka, na kwaya ikawa ngurumo. Nikaomba arudie. Nikaomba tena. Patient akaniuliza, "Dada, unachagua ampli ao unachagua bwana? Hata wazazi wa bibi-arusi hawaulizake hivi!"

Hapo ndipo sauti nyuma yangu ikasema, "Mupunguze."

Alikuwa mzee kiasi, wa kuitwa papa, yaani baba, koti la kahawia, viatu vyenye matope mabichi. Niliona matope, ndiyo, lakini huku kwetu nani hana matope? Alikuwa ameipa rafu mgongo, anatazama barabara, kichwa kimeinama.

"Geuka, mwanangu," akaniambia. "Ukiangalia mataa, hautasikia kitu. Kijana, weka ile ndogo. Mupunguze. Mupunguze tena."

Nikageuka. Tukasimama hivyo wawili, migongo kwenye mashine, kama watu waliogombana nayo. Ile ndogo ikaanza kuimba chini sana, na kwa mara ya kwanza nikasikia waimbaji wakivuta pumzi kabla ya neno. Hawakuwa ngurumo tena. Walikuwa watu, kila mmoja na mahali pake.

"Njo hiyo," akasema. "Chumba yako iko ya mbao, hatua ine kwa tatu. Ile kubwa itakutikisia nyumba bure. Bafle usizisukume mu ukuta, ziache zipumue. Na mukae karibu."

"Papa, niko na betri moja tu ya sola. Itaitosha?"

"Itatosha."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Alikaa hivyo kitambo, kama mtu anayengoja aulizwe kingine. Mimi nikainama kufunga waya. Nilipoinuka hakuwepo.

"Ule papa ameenda wapi?" nikamuuliza Patient.

"Si njo papa yako? Mimi nilizani mumekuja pamoja."

Ni juu ya lori, njiani kurudi, ampli mapajani, nilipokumbuka kwamba sikuwa nimemweleza mtu yeyote habari za chumba changu. Si mbao, si hatua.

Jioni ile tukakaa wanne chumbani, mlango umefungwa. Nikafungulia kidogo. Ubeti wa kwanza ukapita. Kisha, katikati ya wimbo, nyuma kabisa ya waimbaji, mahali ambapo simu peke yake haikuwahi kufika, mwanamume akasema kwa sauti ya chini, "Mupunguze. Mupunguze, Mama asikike."

Ilikuwa sauti ile. Ningeijua popote, nilikuwa nimesimama kando yake saa sita mchana.

Na kwaya ikapunguza. Na mama akasikika.

Sitakueleza alivyosikika. Riziki aliweka kiganja juu ya bafle, akakiacha pale hadi mwisho.

Kesho yake nilimwita Mama Jolie, aliyetoka hai kwenye lori lile, mguu mmoja umevunjika. Alisikiliza mara moja tu, akafuta macho. "Huyo ni mwalimu wa kwaya, mutu wa Walikale," akasema. "Alikuwa anatupa mugongo tukiimba, sisi tunamucheka. Alikufa na mama yako, kwenye benchi moja."

Imepita miaka miwili. Ampli haijawahi kuharibika, na betri ni ile ile moja. Lakini mimi sijapona. Usiku najiuliza: kama njia ya kutoka kwa wafu ilifunguka wimbo ule ulipopigwa, kwa nini hakuja mama mwenyewe? Siku moja nilimwuliza Riziki. Hakufikiri hata kidogo.

"Yaya, si alikuwa anaimba?"

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Ukienda kununua ampli, beba wimbo wa walio hai. Sauti ya marehemu usiipige sokoni, maana hujui ni nani mwingine aliye ndani yake, na nani kati yao ataitika. Na akikujia mtu, usiiname kufunga waya. Mimi nilisimama bega kwa bega na mtu aliyetoka alipo mama yangu, akangoja nimwulize, nami nikamwuliza habari za betri.