Draiva za Kenya na Draiva za Uganda

Mume wa mjukuu wangu ana duka la kompyuta hapa Busia, na tai ya shingoni anayo. Shule moja ya Masafu, ng'ambo ya mpaka huko Uganda, ilimletea kompyuta kuukuu azitie Windows upya. Akajigamba ametengeneza flashi inayofanya kazi yote yenyewe, yeye anakunywa chai tu. Chai kweli alikunywa.

Mwalimu alipokuja kuzichukua akaziwasha. Nyingi hazikutoa sauti wala kushika mtandao.

"Kama haziponi leo, nazipeleka kwa fundi mwingine," akasema. Na duka hilo ndilo linalowalisha vitukuu wangu.

Mjukuu wangu akaifungua flashi. Draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia vipande vyake, mumewe alizipanga katika mafolda mawili: Kenya na Uganda.

"Mashine ya ng'ambo inapata draiva ya ng'ambo," mumewe akaeleza.

"Mkwe, kwani wewe ni forodha?" nikamwuliza.

Mkewe akachukua bisibisi, akafungua kompyuta moja na kuonyesha madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. "Kila madabodi imeandikwa jina lake, baba watoto. Hukusoma?"

Hakusoma. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini watoto wote niliowapokea nikiwa mkunga mpakani hapa nawajua kwa majina. Sijamwita hata mmoja "yule wa ng'ambo".

Mkewe akaipa kila aina ya madabodi folda yake, akarudia kazi yote. Jioni mwalimu akaondoka na kompyuta zake zikiwa nzima. Mumewe akanyoosha tai, akanigeukia mimi bibi yao.

"Si niliwaambia, Jaja? Flashi yangu inajifanyia yenyewe."

Nikachukua kikombe chake, nikaimwaga chai nje.